Hadithi fupi, siasa na watu wa mtaani: majibu kwa wasomaji

Tangu tulipoomba hadithi fupi zinazokejeli siasa, tumepokea maswali mengi kuliko hadithi. Nimefurahi. Hapa Lubumbashi, Kongo, habari za wakubwa zinasimuliwa kila mahali, kwenye foleni ya maji, ndani ya teksi, hata matangani, na wasimulizi hodari hawahesabiki. Kuziandika ni kazi nyingine. Majibu haya hayalingani urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Mwalimu, nimeandika hadithi ya waziri mjinga. Kila ninayemsomea anacheka, lakini baada ya siku mbili hakuna anayeikumbuka. Kasoro iko wapi? (Mwanafunzi, Kampemba)

Hadithi yako nimeisoma. Waziri anakuja kuzindua kisima kisicho na maji, anakata utepe, anahutubia, anapanda gari na kuondoka. Kuchekesha unajua. Lakini katika kurasa zote sita hakuna hata mtu mmoja mwenye kiu. Wananchi wako wanapiga makofi, wanagombania fulana, kisha wanatoweka. Ukiwafuta wote, hadithi inabaki ileile. Kasoro ni hiyo. Ujinga wa mkubwa haumgharimu mkubwa mwenyewe. Kuna anayeulipia, na hadithi ni ya huyo.

Anza upande wa pili. Tuseme kesho ujumbe mzito utapita barabara fulani ya Katuba, na amri imetoka kwamba vibanda vyote vya kando viondolewe ili mji uonekane safi. Mtu wako ni mama anayeuza makala ya kupikia, yaani mkaa, anayapima kwa kopo. Polisi aliyetumwa kuvunja kibanda hajapata mshahara, na ni mteja wa mama huyo. Amekwisha kuchukua makopo manne kwa deni, na deni limeandikwa ubaoni kwa kipande cha makala, jina lake na vistari vinne. Sasa anatakiwa kuung'oa ubao uleule. Ataanza na msumari upi? Mama atamwomba asubiri kidogo anakili deni kwanza? Na yeye polisi atamsaidia kunakili, au atatazama pembeni? Kaa hapo, usiharakishe. Waziri hana haja ya kuonekana tena. Gari lake lipite katika sentensi moja, vioo vimefungwa, inatosha kabisa.

Jambo jingine. Maskini wa hadithi nyingi ninazotumiwa wanalia kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, ni wapole, hawana kosa lolote. Watu wa namna hiyo siwaoni sokoni. Mama wako awe na ulimi mkali. Labda anapanga vipande vikubwa juu ya kopo na kuficha vumbi chini. Mwache aibie kidogo, maana naye ana ada ya shule ya kulipa na anajua bei ya kila kitu. Kumhurumia mtu kwenye karatasi ni kumwandika mzima, pamoja na hila zake.

Nitumie Kiswahili cha vitabu au chetu cha hapa? Nikiandika cha hapa naambiwa sikusoma. (Mama mshonaji, Kamalondo)

Tumia vyote viwili, mama. Msimulizi anaweza kusema Kiswahili sanifu ili msomaji wa Kigoma au Mombasa asikwame njiani. Lakini watu wako waseme kama wanavyosema. "Bakubwa banapita, mutoke mu barabara!" Polisi wa Katuba ukimlazimisha kusema "Waheshimiwa wanapita, tafadhali ondokeni," umeshamuua.

Wanaokuambia hukusoma wakumbushe kundi la maigizo la Mufwankolo. Lilicheza kwa miaka mingi kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na mji mzima ukajisikia humo. Mwaka 1986 lilitengeneza mchezo kutokana na methali kwamba madaraka huliwa mazima, hayagawanywi, na mtaalamu Johannes Fabian akaandika kitabu kizima juu ya mchezo huo. Wachezaji hawakukariri maandishi. Walikubaliana kisa, halafu kila mmoja akatafuta maneno kinywani mwake. Nawe fanya hivyo: kabla hujaandika mazungumzo, yaseme kwa sauti huku unashona.

Usikiogope Kifaransa pia. Sote tumemwona mkubwa anayeomba kura kwa Kiswahili na kukataa ombi kwa Kifaransa. Mweke mtu katikati ya umati anayewatafsiria wenzake, na atafsiri vibaya kwa sababu ya huruma. Hadithi hiyo natamani kuisoma.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Naogopa. Nibuni nchi ambayo haipo? (Jina nimeliacha)

Hofu yako ina msingi. Kifungu cha 23 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinatupa uhuru wa kutoa maoni. Lakini kuna sheria ya 1963 inayoadhibu matusi dhidi ya Mkuu wa Nchi, na Kanuni ya Kidijitali ya 2023 inawaadhibu wanaosambaza uvumi wa uongo mtandaoni. Kwa hiyo usitumie jina la mtu aliye hai, wala usilibadilishe herufi moja ukadhani umejificha. Andika neno "hadithi" juu, na ulirudie chini. Maandishi yakihama simu hadi simu kichwa chake hukatika, na kilichokuwa hadithi kinasomwa kama habari.

Kubuni nchi ni njia ya heshima. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, na nchi yake akaiweka angani. Hatari ninayoiona kwa waandishi wapya ni kwamba nchi ikibuniwa, bei ya unga inapotea. Watu wanaanza kula chakula kisicho na jina na kulala katika nyumba zisizo na bati. Badilisha jina la mji, badilisha bendera, lakini bukari, ugali wetu, ibaki bukari, na umeme ukatike saa ileile unayoijua. Au usibuni nchi, buni ofisi tu: ofisi ya kuhesabu mashimo ya barabarani, yenye wafanyakazi watano na kiti kimoja.

Na asitokee mtu wa kukulazimisha uwe shujaa. Kama mshahara ni mmoja na watoto ni wengi, andika, weka sandukuni, subiri.

Hadithi fupi iwe na maneno mangapi? (Mwanafunzi wa sekondari, Ruashi)

Kati ya 1500 na 3000. Chukua siku moja, mahali pamoja, na karatasi moja inayotafuta muhuri. Ukiona umefika siku ya tatu, umeanza riwaya.

Mambo ya nchi hii yanapita kila utani. Nitatia chumvi wapi, na chungu chenyewe ni chumvi tupu? (Dereva wa teksi, Lubumbashi)

Usitie. Punguza.

Kumbuka noti ya zaire milioni tano, fedha yetu ya enzi za Mobutu. Ilipotolewa, Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi aliikataa, wafanyabiashara nao wakaikataa. Januari 1993 wanajeshi walilipwa kwa noti hiyo, maduka hayakuipokea, na Kinshasa ikawaka moto. Miongoni mwa waliouawa alikuwemo balozi wa Ufaransa. Oktoba mwaka uleule ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Hapo utaongeza nini? Ukiongeza sifuri moja unaharibu.

Ningekuwa mimi, ningeandika asubuhi moja dukani. Baba amelipwa kwa noti hiyo, mtoto ana malaria, anaingia kwenye duka la dawa. Muuzaji anamfahamu, wanaimba kwaya moja. Baba anaiweka noti juu ya kaunta na kuinyoosha kwa kiganja, mara mbili, mara tatu, ingawa ni mpya na haina mkunjo wowote. Muuzaji anatazama kiganja, hatazami noti. Anajua akiipokea, yule anayemletea dawa hataipokea kwake. Hakuna mbaya humo ndani. Ubaya uko mbali sana, na jina lake huhitaji kuliandika, kwa sababu sura yake imechapwa kwenye noti, na noti iko pale juu ya kaunta kati yao.

Nakushauri hivyo kwa sababu nyinyi madereva mnasikia mengi. Chukua dogo kabisa ulilolisikia wiki hii, ambalo hata abiria mwenyewe alilisema kwa sauti ya chini. Yale makubwa kila mtu anayo tayari.

Nilitoka Goma mwaka 2025 na watoto, sasa naishi hapa kwa dada yangu. Nikiandika jambo la kuchekesha naona aibu mbele ya waliokufa. Ni halali kucheka? (Mama, Lubumbashi)

Pole sana, mama, na karibu kwetu. Hakuna anayekudai kicheko. Andika kwanza bila kukitafuta, hata kurasa kumi zote ziwe za uchungu. Kikija, kitakuja chenyewe, na utajua kama kina adabu. Wewe ni mtu wa mji uliopitiwa na lava ya Nyiragongo mwaka 2002, na watu wakajenga tena juu ya mawe yaleyale meusi. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba waliojenga walikuwa wakitaniana.

Mpaka ninaoushika mimi ni huu: kifo, njaa, na mwili wa mtu uliodhulumiwa havichekwi. Kinachochekwa ni maneno ya wanaotazama kwa mbali. Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, matamko yalimiminika kutoka kila upande, yote yakilaani, yote yakieleza wasiwasi. Mama wa hadithi yako aliyasikia redioni akiwa na shughuli nyingine kabisa. Benki zilifungwa. Ana akiba yake, aliyoiweka kwa miaka kwa kuuza vitenge, na hawezi kununua maharage. Mkononi ana noti moja ya faranga iliyoungwa kwa utepe, na kila muuzaji anaigeuza, anaitazama kwenye mwanga, anamrudishia. Msemaji redioni anaendelea kulaani. Viweke viwili hivi kwenye ukurasa mmoja, noti na sauti, bila kueleza chochote. Msomaji ataona hasira yako yote.

Ombi langu moja, na nakuomba ulichukulie kwa uzito: uliowaacha kule bado wako kule. Badilisha majina, badilisha mtaa, badilisha hata idadi ya watoto wao. Hadithi yoyote, hata iwe nzuri namna gani, haistahili kumfikisha jirani yako matatani.

Je, mkubwa naye anastahili huruma? (Mkatekista, komini ya Kenya hapa Lubumbashi)

Anastahili kuandikwa kama mtu, na hilo halimwondolei hatia. Mimi lakini huwa nawaelekeza waandishi wamtazame kwanza aliye katikati, yule anayepeleka maneno ya juu chini.

Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, katika mpango wa kuondoka kwa hiari ulioungwa mkono na Benki ya Dunia. Wengi walikuwa wametumikia miaka mingi na walidai mishahara ya miezi mingi. Kampuni ilikuwa imewapa nyumba, shule, hospitali, hata unga. Wote hao ilibidi watie sahihi. Kwa hiyo buni karani, mweke nyuma ya meza, mpe kalamu na sanduku la karatasi. Anajua kwamba fedha watakayopewa ni ndogo kuliko wanachodai. Ameagizwa jibu moja tu kwa kila swali: ni hiari yako, baba.

Mstari unasogea. Anayefuata ni baba yake wa ubatizo, ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Mzee anaisoma karatasi polepole, anavua miwani, anauliza: "Mwanangu, ungekuwa wewe, ungetia sahihi?"

Usimwokoe karani kwa simu inayolia ghafla. Usimlize pia, machozi yangempa nafuu asiyostahili. Ana mtoto shuleni, na bosi amesimama mlangoni. Mwache achague jibu mbele yetu, kwa maneno yake, kisha mwite anayefuata kwenye mstari. Ukimaliza, usiwasomee wakatekista wenzako tu. Mtafute mzee aliyewahi kutia sahihi karatasi kama hiyo, umsomee taratibu, na pale atakaposema "haikuwa hivyo", simama uandike alivyosema yeye.