Muulize Bibi Shamba: Kapu Limejaa Majani, Nyanya Ziko Wapi?

Jamani barua za mwezi huu karibia zote ni za watu wa mashamba ya hisa, yani yale ambayo familia kadhaa zinamlipa mkulima mwanzoni mwa msimu kabla hata mbegu haijagusa udongo, halafu kila wiki wanapita kuchukua kapu la kilichovunwa. Nimechagua chache tu maana nyingi zinauliza kitu kilekile kwa hasira tofauti. Twende.

SWALI: Bibi Shamba habari za kazi. Nimejiunga na shamba la hisa msimu huu, nimelipa hela yote kwa mkupuo, saivi ni wiki ya nne napewa saladi, figili, spinachi, halafu saladi tena. Mume wangu ameanza kuniuliza kama tunafuga sungura. Nyanya nilizoziona kwenye picha ziko wapi? (Mama Majani)

JIBU: Nzuri Mama Majani, mwambie baba watoto avumilie kidogo, nyanya ziko shambani zinakua na hamjaibiwa. Figili inatoka ndani ya wiki tatu nne tangu kupandwa, saladi ya kukata majani mwezi mmoja na kitu, spinachi hivohivo, sasa nyanya yenyewe inakaa kitaluni wiki sita mpaka nane ndo ihamishiwe shambani, na ikishahamishwa inataka tena siku 60 hadi 85 kutegemea na aina, hapo hujaongeza zile siku za baridi ambazo mche unaduwaa tu. Boga ndo usiseme, siku 90 mpaka 120. Kwahiyo makapu mengi ya hisa yanaanza na majani, yanaingia kwenye vitu vya joto kama nyanya, hoho, matango na bilinganya, halafu yanamalizia na maboga na vya chini ya udongo. Mkulima wako hajaamua hilo, ndo mimea ilivyo.

Cha kufanya muombe kalenda ya mavuno, wakulima wengi wanayo ila wanasahau kuwapa watu, mtu anakaa gizani anajenga chuki bure. Na joto likipanda sana usishangae saladi ikapotea kabisa, inarefusha shina inatoa maua na majani yanakuwa machungu, na nyanya nazo usiku ukikaa kwenye joto la kuzidi nyuzi 24 hivi maua mengi yanadondoka bila kushika tunda. Matokeo yake unayaona wiki kadhaa baadae, hali ya hewa imeshatulia, kila mtu anasema msimu mzuri, halafu kapu linakuja limepwaya. Hapo ndo simu za lawama zinapoanza.

SWALI: Mambo vipi dada. Mimi mboga zinaninyaukia siku ya pili tu, nikifika nazo nyumbani naziingiza zote kwenye friji na mfuko wake kama zilivyo. Nakosea wapi?

JIBU: Karibia kila hatua, ila tusilaumiane. Kwanza mboga inakuja na joto la shambani ndani yake, ndo maana mkulima makini anavuna alfajiri, sasa we ukiliacha kapu kwenye gari saa mbili wakati unapiga stori umeshamharibia kazi yake yote. Ukifika nyumbani majani yaloweke kwenye maji ya baridi dakika kumi hivi, yatanyanyuka mpaka utashangaa, kisha yakaushe vizuri kabisa (hapa watu wengi wanaruka) yafunge kwenye kitambaa au karatasi kavu ndo uweke kwenye chombo chenye mfuniko. Jani likikaa na maji juu yake linaoza, likikaa wazi kwenye friji linakauka, we unatafuta katikati.

Karoti na bitiruti kata majani yake sikuhiyohiyo, yakibaki yananyonya maji ya mzizi na karoti inakuwa laini kama mpira. Majani ya bitiruti usitupe, yanapikwa kama spinachi. Nyanya usiweke friji mpaka ziwe zimeiva kupita kiasi, chini ya nyuzi 12 hivi harufu yake inakufa na ndo utamu wenyewe ulipo. Viazi weka gizani pakavu pasipo joto, visionane na taa maana vinageuka kijani, na kijani hicho ni dalili ya sumu inayoitwa solanini, kakipande kadogo ukakate kwa kina, kiazi kikiwa kijani kote kitupe. Vitunguu vikae mbali na viazi. Na matunda yanayoiva kama tofaa na ndizi yasilale na mboga za majani, yanatoa gesi ya ethilini, spinachi inakuwa ya njano ndani ya siku mbili tatu unabaki unamlaumu mkulima.

SWALI: Bibi Shamba mimi nina malalamiko. Kwenye shamba letu mvua zimepiga mfululizo, nyanya zote zimekufa kwa ugonjwa, mkulima ametuandikia ujumbe mrefu wa kuomba radhi ila hela harudishi, anasema ndo makubaliano. Hivi huu si utapeli uliochangamka? (Nimechoka)

JIBU: Nimechoka, pole, ila hapana. Ugonjwa unaoua nyanya zote kwenye mvua na ubaridi mara nyingi ni bakajani chelewa, shamba linaweza kuwa la kijani leo na baada ya wiki moja na kitu limeungua lote, jani linaanza na madoa yenye sura ya kuloa maji, ukiligeuza chini asubuhi unakuta ukungu mweupe, kisha shina linakuwa kahawia jeusi. Ni huohuo ulioanza kumaliza viazi vya Ayalandi mwaka 1845. Vimbegu vyake vinasafiri na upepo, jirani mwenye nyanya chache nyuma ya nyumba akizembea anakuambukizeni wote.

Sasa kuhusu hela. Wazo zima la mfumo huu ni kwamba mkulima asibebe hasara peke yake. Japani walianza mambo yanayofanana na haya miaka ya 1970, wanayaita teikei, walaji na wakulima wanaelewana moja kwa moja bila dalali. Kule Alabama Marekani profesa Booker T. Whatley wa chuo kikuu cha Tuskegee alikuwa akiwashauri wakulima wadogo waanzishe klabu za wateja wanaolipa mapema, na mwaka 1986 yakaanza mashamba mawili yanayotajwa kuwa ya kwanza Marekani kwa mfumo huu wenyewe, Indian Line kule Massachusetts na Temple-Wilton kule New Hampshire. Hao wa Temple-Wilton utaratibu wao naupenda sana, mkulima anawasomea wanachama bajeti ya mwaka mzima, kisha kila mtu anaahidi kiasi anachokiweza mpaka bajeti itimie, mwenye nacho anatoa zaidi. Yani pale hununui nyanya, unagharamia shamba liendelee kuwepo, na linachotoa mnagawana. Mwaka wa neema kapu linafurika na hakuna mwanachama anayepiga simu kusema nimezidishiwa nipunguzieni, au nasema uongo?

Ila nisimtetee mkulima kwa kila kitu. Mvua na ugonjwa ni hasara yenu nyote, uzembe ni wake. Muulize alipanda aina ngapi za nyanya, maana zipo zinazovumilia bakajani, na kama alizipa nafasi za kupitisha upepo, na kama miche iliyougua aliing'oa mapema au aliiacha pale isambaze. Muulize pia pengo la nyanya analijaza na nini. Shamba lenye akili linapanda mazao mengi kwa makusudi, 30 au 40, ili moja likifa mengine yashike. Kama kwenu kulikuwa na nyanya na viazi basi, ambavyo vyote viwili vinauliwa na ugonjwa huohuo mmoja, msimu ujao tafuta kwengine. Na usilipe popote bila karatasi inayosema wazi nini kinatokea mavuno yakifeli.

SWALI: Zukini. Naomba msaada. Majirani wameanza kufunga milango wakiniona. (M.)

JIBU: Pole sana M. Mmea wa zukini (yale maboga madogo ya kijani yenye umbo la tango) kwenye joto ukiuacha siku mbili tunda linakuwa na urefu wa mkono, na hakuna mkulima anayekubali kutupa, kwahiyo linakuja kwako. Makubwa toa mbegu za katikati, kwangua, kamua maji, gandisha kwenye mifuko midogo utaingizia kwenye supu na chapati za maji. Pia uliza kama sehemu ya kuchukulia makapu kuna boksi la kubadilishana, unaacha usichotaka unachukua kingine. Kama halipo anzisha, linahitaji boksi tu.

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Maharage machanga yamekuja mengi nikayachemsha nikayafunga kwenye chupa za glasi, nikachemsha chupa kwenye sufuria la maji saa nzima, mfuniko umekaza vizuri kabisa. Yatakaa mpaka lini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayatakaa, hayo ni ya kutupa, na usiyaonje kwanza. Najua inauma. Bakteria wa botulini wanaacha mbegu zao ambazo maji yanayochemka hayaziui, maji hata yatokote siku nzima yako kwenye nyuzi 100 tu na zile zinataka kama 116 na kuendelea, ambazo unazipata kwenye mtungi maalum wa presha wa kuhifadhia chakula, sio ile sufuria ya presha ya kupikia nyama. Ndani ya chupa iliyokaza hakuna hewa, maharage hayana uchachu, ndo mazingira wanayoyataka. Sumu yake unaweza usiione, usiinuse wala usiionje, na inapoozesha mpaka misuli ya kupumua. Chupa usizifungue hata kidogo, zifunge kwenye mfuko mzito uzitupe mbali na watoto na wanyama.

Mengine yakija chemsha dakika tatu, tumbukiza kwenye maji ya barafu, kausha, gandisha. Au tengeneza achari kwa siki yenye ukali wa asilimia 5 na ufuate resipi iliyopimwa, usipunguze siki kwa sababu ni kali. Nyanya nazo uchachu wake uko mpakani, kwenye chupa ya lita moja weka vijiko vikubwa viwili vya juisi ya limau ya chupa. Na ile kitunguu saumu kwenye mafuta ambayo watu wanaiweka kabatini miezi, hiyo nayo ni hatari ileile, iwe ya friji na iishe ndani ya siku chache.

SWALI: Shamba letu limetangaza siku ya wanachama kuvuna viazi. Niende na watoto au nitawasumbua watu? (Baba Wawili)

JIBU: Nenda nao, kuokota viazi ni kazi ya watoto kuliko watu wazima, wako karibu na ardhi na hawaumwi mgongo. Nguo za kuchafuka, viatu vya kufunika, maji ya kunywa. We mwenyewe ukipewa uma wa kuchimbia usichome karibu na shina, anza mbali kama sentimita 30, zamisha uma, inua udongo wote kwa pamoja ndo upekue kwa mkono. Vilivyotobolewa vitengeni pembeni viliwe wiki hiyohiyo, vizima msivioshe, vikae gizani na hewa siku kumi mpaka 14 ngozi igande, hapo ndo vinaweza kwenda ghalani. Ukisugua na kidole gumba ngozi ikatoka, bado. Ah na waambie watoto yale matunda ya kijani yanayofanana na nyanya ndogo juu ya mmea wa kiazi hayaliwi, ni sumu.

SWALI: Maswali mawili madogo. Karoti za msimu wa baridi mbona tamu kuliko za joto, mkulima anaweka nini? Na nimepata moja yenye miguu miwili imekumbatiana, inaliwa? (Mdadisi)

JIBU: Haweki kitu. Baridi ikikaribia kuganda karoti inageuza wanga wake kuwa sukari, maji yenye sukari hayagandi upesi kwahiyo inajilinda, kabichi nayo inafanya hivohivo. Ya miguu miwili imekutana na jiwe au udongo mgumu wakati inashuka, au mche ulihamishwa wakati karoti haipendi kuhamishwa. Inaliwa vizuri tu, ila itenganishe kwanza kabla ya kuosha, katikati pale mchanga unajificha.