Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Hema la Singa za Mbuzi Halivuji?

Swali: Nimesikia kuwa Wabedui wa Umm Sayhoun, karibu na mji wa kale wa Petra nchini Yordani, wana utamaduni wa hema za singa za mbuzi zisizopitisha mvua, ilhali mchana ukiwa ndani unaona mwanga ukipenya. Inawezekanaje? Na kitambaa hicho hufumwaje?

Jibu: Ni kweli. Jua likiwaka, singa hukauka na nyuzi huachana kidogo, hivyo hewa huingia na moshi hutoka. Mvua ikinyesha, singa huvimba na matundu hujifunga. Hema jipya huweza kudondosha maji mvua za mwanzo. Si kasoro, kitambaa bado hakijakaza. Linalovuja siku zote mara nyingi kamba zake zimelegea, paa limebonyea na maji yanatuama.

Ufumaji ni kazi ya wanawake. Vigingi vinne hupigiliwa ardhini, viwili kila mwisho, navyo hushikilia miti miwili ambayo mtande, yaani nyuzi za urefu, huzungushwa. Ufito wenye vitanzi, kila kitanzi kimeshika uzi mmoja na kuruka unaofuata, huegeshwa juu ya mawe kushoto na kulia. Mfumaji hupitisha mshindio, yaani uzi wa kukingama, akaupigilia kwa upanga wa mti, na kitambaa kinavyorefuka huketi juu yake akisogea mbele. Wakihama, vigingi hung'olewa na kila kitu huviringishwa kama jamvi.

Wanaoanza hukwama kwenye mtande. Singa zina vinyweleo vinavyonasana, ndiyo maana mfumaji huwa na pembe ya swala ya kuchambulia nyuzi. Kigingi kimoja kikilegea, upande mmoja wa mtande hulegea pia, ukingo hupinda, na vipande havikutani sawasawa wakati wa kushona. Tazama pia kama mshindio unaonekana: mtande unapaswa kuufunika kabisa, la sivyo maji yatapata njia. Na kabla ya yote, uzi uwe wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja kinyume cha msokoto wa kwanza. Uzi mmoja peke yake hujifungua na kukatika.

Swali: Watu wa Umm Sayhoun sasa wanaishi kwenye nyumba. Ujuzi huu unalindwaje?

Jibu: Wabedui wa kabila la Bdoul walihamishiwa Umm Sayhoun kutoka mapango ya Petra katikati ya miaka ya 1980, Petra yenyewe iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1985. Utamaduni wa Wabedui wa Petra na Wadi Rum, bonde la jangwani nchini humo, ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005, ukaingia kwenye orodha ya urithi usioshikika, yaani mila na ujuzi, mwaka 2008. Unajumuisha utengenezaji wa hema, ufugaji wa ngamia, dawa za mimea, kufuata nyayo na kupanda miamba.

Orodha ni jambo jema, lakini haisokoti uzi. Familia isiyo na mbuzi haina singa, na binti asiyeona singa zikikatwa, zikichambuliwa na kusokotwa hana pa kuanzia, hata akipewa vigingi na mtande uliokwisha tandikwa. Kwa hiyo anayetaka kusaidia aulize kwanza habari za malisho, kisha wafumaji wazee walipwe kwa kufundisha, si kwa vitambaa wanavyouza tu.