Re: Diwani akipinga hoja ya chama chake, kiti kinaondoka?

Ndugu wa Ngamiani, umeuliza kama diwani wenu atapoteza udiwani akipiga kura ya hapana kwenye baraza la Jiji la Tanga. Kura yenyewe haimwondoi. Kinachomwondoa ni kukoma kuwa mwanachama, na kwa wabunge hilo limeandikwa wazi kwenye Katiba, Ibara ya 71(1)(e). Kwetu mgombea binafsi, asiye na chama, hakuna, hivyo bila chama hakuna kiti. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilisema tangu 2013 kwamba katazo hilo linakiuka haki, lakini sheria ikabaki palepale.

Kwa hiyo asubiri wamfukuze, asijifukuze mwenyewe! Wengi huharibu hapa: hasira zinapanda, mtu anarudisha kadi mbele ya kamera, kiti kimekwenda na hana pa kukata rufaa.

Msimamo wake autoe kwanza kwenye kikao cha madiwani wa chama, kisha barazani aombe pingamizi lake liandikwe kwenye muhtasari. Muhtasari usomwapo kikao kinachofuata, ahakikishe maneno yake yamo kabla haujathibitishwa. Barua ya kujieleza ikija, ajibu kwa maandishi ndani ya muda na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakimfukuza, akate rufaa ndani ya chama na akimbilie zuio la mahakama upesi, kabla kiti hakijatangazwa wazi. David Kafulila, mbunge aliyefukuzwa na chama chake cha NCCR-Mageuzi 2011, alikwenda mahakamani akabaki mbunge hadi 2015.

Kuteuliwa tena uchaguzi ujao? Hapo asahau.