Daktari akihama, wagonjwa ni wa nani?

SWALI: Mama Wakili, naomba unisaidie. Mimi ni daktari wa watoto, nimeajiriwa katika kliniki binafsi mwaka wa sita sasa. Nataka kuondoka nikafungue kliniki yangu. Nilipomdokezea mwajiri, alinionyesha ukurasa wa 9 wa mkataba wangu: nisifanye udaktari ndani ya kilomita 30 kwa miaka 2, wala nisiwasiliane na mgonjwa yeyote niliyemtibu pale. Nilisaini nikiwa nimetoka tu masomoni, sikusoma hadi mwisho. Kuna watoto nimewatibu tangu wakiwa wachanga. Je, nimeshajifunga?

*Daktari wa watoto*

JIBU: Daktari, pole sana. Ukurasa huo naujua vizuri, kwa kuwa kabla ya kuanza kuwatetea madaktari niliandaa mikataba kwa upande wa waajiri. Kifungu kama chako nilikuwa nakichukua kwenye mkataba wa zamani, nabadilisha jina na idadi ya kilomita, kazi imekwisha. Miaka michache baadaye alikuja ofisini kwangu mama mmoja, daktari wa kisukari, na mkataba wa namna ileile. Karatasi imechakaa kwenye mikunjo, na pembeni mwa kila ukurasa kuna saini yake fupi. Aliniuliza hilohilo unaloniuliza wewe. Tangu siku ile siandiki kilomita hata moja kabla mwajiri hajanieleza wagonjwa wake wanatoka wapi.

Majaji nao hutaka kujua hilo, maana sheria haijawahi kulipenda zuio la mtu kufanya kazi aliyosomea. Mwaka 1414 huko Uingereza, fundi wa kutia nguo rangi, John Dyer, alishtakiwa kwa sababu alikuwa ameahidi kutofanya ufundi wake mjini kwa nusu mwaka. Jaji Hull alikasirika, akasema kama mdai angekuwepo pale angempeleka gerezani mpaka alipe faini kwa mfalme. Baadaye msimamo ulilegea. Tangu kesi ya Nordenfelt ya mwaka 1894, nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza hupima hivi: zuio halina nguvu, isipokuwa liwe la haki kwa pande zote mbili na lisiwaumize wananchi.

Kwa hiyo inategemea uko chini ya sheria ya nchi gani. India ilibatilisha mapatano ya aina hii tangu mwaka 1872, na California mwaka huohuo. Massachusetts iliwakinga madaktari kwa sheria yao maalumu mwaka 1977. Usidanganyike pia na habari za mitandaoni kwamba Marekani nzima imeyafuta: tume yao ya biashara ilitangaza marufuku Aprili 2024, na mahakama ya Texas ikaizima Agosti, kabla haijaanza kutumika. Mpelekee mkataba wako wakili wa hapo ulipo, ausome wote.

Maoni yangu ni kwamba kilomita 30 ni nyingi kwa daktari wa watoto. Mzazi mwenye mtoto anayechemka homa usiku haendi mbali hivyo akiwa na daktari wa karibu. Mwajiri akishindwa kuonyesha kwamba wateja wake wanatoka umbali huo, hoja yake ni dhaifu. Lakini kifungu cha pili, cha kutowasiliana na wagonjwa, kina nguvu zaidi, na hapo ndipo nimeona madaktari wakijiharibia. Tafadhali usipige picha daftari la wagonjwa, usijitumie namba zao za simu. Taarifa hizo ni siri ya mgonjwa, na kumbukumbu zinatunzwa na kliniki. Ukizichukua, kesi uliyokuwa unaelekea kuishinda inageuka kuwa kesi ya wewe kuiba siri.

Mgonjwa mwenyewe, hata hivyo, si mali ya mtu. Ana haki ya kuchagua daktari, na katika nchi nyingi ana haki ya kupata nakala ya taarifa zake za matibabu. Mwombe mwajiri mwandike barua moja kwa pamoja: daktari anaondoka tarehe fulani, matibabu yataendelea na fulani, anayetaka nakala aombe hivi. Watoto walio katikati ya dozi wakabidhi kwa daktari mwenzako kwa maandishi, jina kwa jina.

Kuna jambo hukuniuliza, nalo linaninyima usingizi kuliko hizo kilomita: bima yako. Bima za makosa ya kitabibu ni za aina mbili. Moja hulipa ikiwa ulikuwa na bima siku ulipomtibu mgonjwa, hata akidai baada ya miaka. Nyingine hulipa ikiwa tu bima iko hai siku dai linapowasilishwa. Kama mwajiri amekukatia hii ya pili, siku unayotoka mlangoni miaka yako yote sita inabaki wazi, na kwa mtoto muda wa kushtaki mara nyingi huhesabiwa kuanzia anapofikia utu uzima. Kinga ya kuziba pengo hilo inauzwa, lakini ni ghali. Soma mkataba unasema nani ailipie. Kama hausemi, hilo ndilo la kwanza la kujadiliana naye, kabla hujamkabidhi barua ya kuacha kazi.

SWALI: Nina kliniki ndogo ya meno, wasaidizi 4. Nimeshauriwa niwape mikataba ya watoa huduma wa kujitegemea ili nisiwalipie michango ya hifadhi ya jamii. Inaruhusiwa?

*Mmiliki, kliniki ya meno*

JIBU: Ndugu yangu, usifanye hivyo. Mahakama hutazama kazi yenyewe inavyofanyika, jina la mkataba haliizuii. Uber waliwaita madereva wao wafanyabiashara wa kujitegemea, na Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo.

Mtazame msaidizi wako kesho asubuhi. Anaingia saa uliyompangia, anavaa sare yako, anachemsha vifaa vyako, na akiugua hawezi kumtuma dada yake ashike zamu. Huyo ni mwajiriwa. Ukibainika, utadaiwa michango ya nyuma yote, kwa kawaida pamoja na adhabu. Na kabla ya mkaguzi kufika, kuna siku atajichoma sindano iliyotoka mdomoni mwa mgonjwa. Atahitaji vipimo na dawa za kinga siku hiyohiyo, na kwenye mkataba wako hakutakuwa na mstari unaosema nani alipe.