Maswali na majibu: Uzima wa milele unaanza lini?

Padri, nimebatizwa, nimepata kipaimara, ibada sikosi, lakini moyoni ni patupu. Nimekosea wapi? (Kijana, Wete)

Pengine hujakosea popote. Aliyeimba Zaburi ya 42 alizoea kuongoza umati kwenda nyumba ya Mungu, na bado alilia kwa kiu ya Mungu. Ila ningekuuliza, tungekuwa tumekaa barazani: unasali, au unalipa deni? Wiki hii funga mlango, uache sala ulizokariri, umwambie Mungu kwamba humwoni. Hiyo nayo ni sala, na Zaburi zimejaa za namna hiyo.

Mume wangu kafariki. Kila anayekuja kunipa pole ananiambia yuko kwenye uzima wa milele. Mimi niliyebaki nina nini? (Mama, Kwerekwe)

Pole sana, mama. Lia. Paulo, akiwaandikia Wathesalonike, hakuwakataza kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama wasio na tumaini.

Lakini hao wageni wako wamekupa nusu ya habari. Katika Yohana 17:3 Yesu anasema uzima wa milele ni kumjua Mungu wa kweli na yeye aliyetumwa naye. Na katika Yohana 5:24 anasema anayeamini ameshavuka mauti, hangoji kuvuka. Basi unao leo, hapo ulipo na kanga yako ya eda. Nenda Mkunazini, mjini Zanzibar, siku moja. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa palepale. Askofu Edward Steere akausimamia ujenzi. Altare, wanasema, iko pale palipokuwa na mti wa kuchapia watu. Kila Jumapili watu hupiga magoti hapo na kupokea mkate. Ufufuo bado tunaungoja, wewe na mimi, na mumeo pia. Ila uzima haungoji.

Nafanya kazi ya vyumba hotelini Nungwi. Jumapili wageni wanaingia na kutoka, ofu yangu Jumanne. Muda mrefu sijashiriki Meza ya Bwana. Nitapotea?

Hupotei. Mwizi wa Luka 23 aliahidiwa paradiso akiwa msalabani. Lakini usijifiche nyuma yake: yeye alibakiwa na saa chache, wewe una Jumanne nzima. Panda gari uje mjini, ongea na padri wako; Ekaristi si ya Jumapili tu. Na huko huko tafuta wenzio wawili, msome Injili baada ya zamu.

Sadaka kubwa inaongeza nafasi ya kuokoka?

Hapana. Soma Waefeso 2:8–9. Anayekwambia vingine anataka hela yako.

Jirani zangu Waislamu hunipelekea futari kila Ramadhani. Niwahubirie? (Dada, Chake Chake)

Pokea sahani, na usiirudishe tupu. Petro anatutaka tuwe tayari kumjibu anayetuuliza kuhusu tumaini letu, kwa upole na heshima. Wakikuuliza, jibu bila kujificha. Wasipouliza, waulize hali za watoto, na wakikukaribisha, kaa ule.