Huyu nyoka usimshike hata kwa shingo

Jamani mvua zimeshaanza, ndio maana naandika hii leo. Mwaka juzi huku kwetu Muheza, usiku baada ya mvua kubwa, mdogo wangu alikuta nyoka sebuleni, mweusi anang'aa kama kapakwa mafuta, hafiki hata futi mbili, kichwa na shingo unene mmoja, macho kama vitone vya wino. Tukajua ni wale wasio na shida, dogo akambana nyuma ya kichwa kwa vidole viwili kama wakubwa walivyotufundisha. Nyoka akageuza kichwa kidogo tu, mdomo hata hakufungua, dogo akapiga yowe.

Kumbe anaitwa Atractaspis bibronii. Meno yake ya sumu ni marefu mno kwa kichwa kile, na analitoa moja pembeni ya mdomo bila kuufungua, kisha anachoma kwa kuvuta kichwa nyuma, ndivyo anavyoua watoto wa panya huko mashimoni kwenye nafasi finyu. Kwa hiyo ukimshika kichwani lazima akupate, hakuna ufundi hapo. Meno hayohayo yaliwachanganya hata wataalamu, mtaalamu wa wanyama Andrew Smith alimpa jina mwaka 1849 na kwa zaidi ya miaka mia wakamhesabu ukoo mmoja na kifutu! Baadaye walipochunguza fuvu na misuli yake wakamtoa huko, siku hizi yuko kundi la Atractaspididae. Kifutu anazaa, huyu anataga mayai.

Msione ni mambo ya darasani tu, kwa sababu dawa ya sumu ya nyoka inayotibu kifutu, swila na koboko, kwake haifanyi kazi. Hospitali walimpa dogo dawa za maumivu na kusafisha kidonda, mkono ukavimba mpaka kiwiko, ncha ya kidole gumba ikawa nyeusi ikaoza, ikabidi ikatwe.

Akikuuma vua pete na saa haraka kabla hujavimba, usifunge kamba, usichanje, achana na jiwe jeusi, mkono utulie, mwende hospitali usiku huohuo. Kama unaweza mpige picha ukiwa mbali. Ukimchokoza anainamisha pua chini shingo inapinda kama upinde, ukiona hivyo ndiye. Kumtoa tumia ufagio wa mti mrefu na ndoo, na usiku wa mvua usitembee peku hata ndani.

Dogo mpaka leo vifungo vya shati anafunga kwa mkono wa kushoto.