Nchi maskini zinazifikia tajiri? Kwanza itazame orodha yako

Ukianza kusoma uchumi wa maendeleo, swali hili utakutana nalo mapema, na utatamani kulijibu haraka. Nimesahihisha kazi nyingi za wanaoanza, na ninachowaomba kwanza ni hiki: tazama ni nchi zipi zimeingizwa kwenye hesabu, na zilichaguliwaje.

Mwaka 1986 mwanauchumi William Baumol alichapisha makala yenye takwimu za nchi 16, kuanzia 1870 hadi 1979. Matokeo yalivutia: nchi zilizoanza na tija ndogo, yaani uzalishaji mdogo kwa kila saa ya kazi, zilikua kwa kasi zaidi, hadi zikakaribiana na zilizotangulia. Miaka miwili baadaye mwanauchumi mwenzake, Bradford De Long, akaonyesha tatizo lilipo. Nchi zile zilikuwa na takwimu ndefu kwa kuwa ni tajiri leo. Ukiwakusanya waliomaliza mbio tu, lazima utawakuta wote mwishoni. Akaandaa orodha ya nchi zilizoonekana kuwa na mwelekeo mzuri mwaka 1870, zikiwemo Argentina, Chile na Ureno, na kuiondoa Japani, ambayo wakati ule ilikuwa maskini. Kukaribiana kule kukatoweka karibu kote. Tafadhali soma mjadala huo kalamu ikiwa mkononi, uchore grafu zote mbili mwenyewe. Hakuna somo la takwimu lililonifaa kuliko hilo.

Nadharia yenyewe, kwamba nchi maskini huzikaribia tajiri, haikufa. Tangu makala ya mwanauchumi Robert Solow mwaka 1956, hoja ni kwamba palipo na mtaji kidogo, mashine moja ya ziada huongeza uzalishaji zaidi kuliko palipojaa mashine. Ila hilo linadai mengine yafanane: akiba, elimu, ongezeko la watu, utawala. Wanauchumi Robert Barro na Xavier Sala-i-Martin walipozingatia tofauti hizo, walikuta pengo likipungua kwa takriban 2% kwa mwaka, yaani nusu yake huisha baada ya miaka 35 hivi. Na hapa ndipo wengi huteleza: pengo hilo ni kati ya nchi na kiwango chake yenyewe, yaani kile ambacho akiba, elimu na utawala wake vinakiruhusu, si kati yake na nchi tajiri. Nchi inaweza kukifikia kiwango hicho na bado ikabaki maskini.

Jambo jingine, usichanganye uwiano na tofauti. Chukua nchi yenye pato la dola 2,000 kwa kila mtu, inayokua kwa 5%, na nyingine yenye dola 40,000, inayokua kwa 2%. Mwaka wa kwanza ile maskini inaongeza dola 100, tajiri dola 800. Uwiano unashuka kutoka mara 20 hadi 19.4, lakini tofauti inapanda kutoka dola 38,000 hadi 38,700. Kasi hizo zisipobadilika, tofauti hiyo itazidi kupanuka kwa miaka 70 na zaidi, na kufikiana kutachukua zaidi ya miaka 100. Wanaobishana mara nyingi wote wako sahihi, kila mmoja kashika kipimo chake.

Mwisho, badilisha mwaka wa kuanzia. Anza 1960 uishie miaka ya 1990, miaka ya madeni na bei mbaya za mazao ikiwemo ndani: kwa wastani nchi maskini hazikukaribia. Anza 2000, ukazitazama nchi hizohizo katika miaka kumi na tano iliyofuata, utaona nyingi zikikua haraka kuliko tajiri. Katika kazi yako andika vipindi vyote viwili, na useme kwa nini umeegemea kimoja.